Kioo cha Mtu wa Mwisho

Meneja wetu mpya, Brian, kijana wa Nakuru mwenye adabu na haraka, aliniomba kabla sijakabidhi funguo nimwandikie ukurasa mmoja kuhusu vifaa vya kuonyesha njia kwenye pikipiki. "Mathe, we niambie tu tununue gani," alisema. "Simu, ama zile GPS, ama zote mbili. Si wewe umekaa hapa mpaka barabara zinakujua?"

Nilimkubalia. Ukurasa mmoja umekataa. Nyinyi vijana mnaobaki na pikipiki zile mtanisamehe, na mwenye haraka aruke mpaka pale penye simu na mvua, ingawa akiruka hataelewa kwa nini nimechagua nilivyochagua.

Naitwa Mwanasiti. Katika kampuni yetu ndogo ya Galu, inayowatembeza wageni kwa pikipiki kutoka ufuoni mpaka ndani kabisa ya Kwale, kazi yangu ilikuwa kuwa wa mwisho. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Msafara una kichwa na una mkia. Kichwa anajua njia, mkia anajua walioharibikiwa, walioanguka, waliosimama kupiga picha za mbuzi na waliobadili mawazo. Mimi nilikuwa mkia tangu nilipoingia mpaka nilipostaafu.

Ubaya wa kazi hii ni huruma za watu. Kila kijiji tulichopita, wenzangu walipigiwa makofi, na mimi nikapewa pole. "Pole mama, wenzako wamekuacha, kaza mwendo!" Pale Gazi kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akiniombea dua kila tukipita, Mungu anijaalie pikipiki yenye nguvu kama za wenzangu. Yangu ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, maana ndiyo iliyobeba spana, pampu na mipira ya akiba. Niliitikia amina na kuongeza mwendo kidogo ili asivunjike moyo.

Pikipiki nilijifunza zamani, nikichanja kuku na mbuzi upande wa Msambweni. Aliyenileta kwenye utalii ni Bwana Mwinyi wa Bongwe, ambaye kabla ya hapo alikuwa dereva wa lori la nazi na korosho, na hapakuwa na njia ya ng'ombe kati ya Ramisi na Kinango ambako lori lake halikuwahi kukwama. Kampuni haikuwa yake, lakini njia zote zilikuwa zake. Yeye ndiye aliyekuwa kichwa. Siku niliyokwenda kuomba kazi alinitazama, akaitazama pikipiki yangu ya chanjo iliyojaa manyoya ya kuku, akaniuliza swali moja tu.

"Waweza kukaa nyuma siku nzima bila kuona uchungu?"

"Mimi ni kitinda mimba, kaka," nikamjibu.

"Basi kazi umeianza zamani," akasema, akanipa koti la kung'aa lililokuwa kubwa kwangu, na sikuwahi kupewa jingine.

Siku hiyo ya kwanza nilijifunza mambo mawili. La kwanza ni vumbi, ambalo halielezeki. La pili ni kwamba mkia hana haja ya vioo vya pembeni. Pikipiki yangu ilikuwa na viwili, na kutwa nzima vilinionyesha vumbi langu mwenyewe likibaki nyuma. Hakuna aliyekuwa akija. Baada ya siku chache nilimuuliza Bwana Mwinyi kama naweza kuving'oa nipunguze uzito. Akasema yeye hana neno, ila polisi wa pale Kona ya Musa watakuwa nalo. Vikabaki.

Sasa mfumo wenyewe, maana ndio nilioulizwa. Haukuwa na umeme wowote. Kichwa akifika njia panda, humwonyesha kwa kidole mgeni anayemfuata mahali pa kusimama. Mgeni yule huegesha pembeni, huelekeza gurudumu la mbele upande ambao msafara umechukua, na hapo anakuwa kigingi. Wenzake humpita mmoja mmoja, kila mtu kwa mwendo wake, na yeye hubaki palepale mpaka mkia afike. Hapo huondoka, na mkia humfuata. Njia panda inayofuata kigingi ni mtu mwingine. Kwa njia hii watu waweza kuachana mbali sana na asipotee hata mmoja, na mwenye mwendo wa pole haaibishwi.

Kigingi huondoka kwa maneno maalumu. Anauliza, "Wewe ndiye wa mwisho?" Nami najibu, "Mimi ndiye wa mwisho." Wageni walicheka wakifundishwa, wakaona ni mchezo. Haukuwa mchezo. Maneno yale yaliwekwa baada ya mgeni mmoja kumwona bodaboda wa Msambweni aliyevaa koti la kung'aa kama langu, akadhani ni mimi, akaondoka zake. Waliokuwa nyuma yake walikula samaki Shimoni siku hiyo ilhali sisi tulikuwa tukiwatafuta Kikoneni. Walisema samaki walikuwa wazuri.

Lakini adui mkubwa wa mfumo ule hakuwa bodaboda. Alikuwa ukarimu.

Fikirini. Mtu mzima, mgeni, amesimama peke yake kando ya njia juani, hana anachonunua wala anachouza, na nyumba iko hatua chache kutoka pale. Kwetu hilo ni jambo la aibu, na aibu si yake, ni ya nyumba. Majirani watasemaje? Kwa hiyo mama wa nyumba hutoka, humsalimu, humuuliza habari za kwao na za watoto, na mgeni akijibu tu, amekwisha. Anavutwa ndani. Mimi nafika njia panda nakuta pikipiki imeegeshwa vizuri, gurudumu limeelekea inakopaswa, na kigingi hayupo. Mara nyingine hata pikipiki ilikuwa imesukumwa kivulini, chini ya ukuta, ikiwa imeelekea jikoni.

Kulikuwa na Bwana Ouma, daktari wa meno kutoka Kisumu, mtu mnene mwenye kicheko. Aliachwa kama kigingi karibu na Mwabungo. Nilimkuta barazani amekaa mkekani, amevalishwa kofia, ana sahani ya pilau mbele yake, na wazee watatu wamepanga foleni wakiwa wamefungua midomo. "Nilikataa mara mbili," aliniambia. "Mara ya tatu waliniuliza kama nimekasirika." Mwaka uliofuata alirudi, na kabla hatujawasha injini alimwomba Bwana Mwinyi amwache kwenye kona ileile.

Bwana Mwinyi ndiye aliyepata dawa, na ni moja ya kanuni ambazo hamtazipata kwenye kitabu cha pikipiki: kigingi havui helmeti. Aliyevaa helmeti ni mpita njia, watu watampungia mkono na kumwacha. Akiivua tu, amekuwa mgeni, na mgeni lazima aketi. Tangu tulipoanza kuwakataza kuvua helmeti, nilianza kuwakuta watu kwenye kona zao, wamelowa jasho lakini wapo.

Kwa vifaa vya kuonyesha njia Bwana Mwinyi hakuwa na uadui, alikuwa na huruma. Wageni walikuja navyo. Mjerumani mmoja alikuwa na mtambo mkubwa kwenye usukani uliozungumza kama mwalimu mkuu. Alituaga kwa heshima, akasema atatangulia Msambweni kwa njia fupi. Mtambo ulikuwa na haki, njia ilikuwa fupi, ila ilipita katikati ya mikoko ya Gazi wakati maji yanajaa. Tulipomtoa, Bwana Mwinyi aliupangusa ule mtambo tope kwa leso yake mwenyewe. "Usiukasirikie," alimwambia. "Haujawahi kufika huku."

Yeye mwenyewe hakuhitaji kitu. Njia alizikumbuka kwa lori lake lilipokwama, lilipopasua tairi, nyumba zilizompa maji. Nikimuuliza Lukore tunafikaje, hakunitajia barabara, alinitajia watu. Na mara nyingi alisema, bila kuulizwa, kwamba siku atakayoambiwa akae ofisini ajibu simu, basi tusisumbuke kumtafutia kiti, tumchimbie tu. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki. Watoto wako Mombasa. Asubuhi alikuwa akifika kazini kabla ya mlinzi.

Sasa nifike pale ambapo sikutaka kufika.

Tulikuwa kwenye mashamba ya miwa nyuma ya Ramisi. Mle kona zote zinafanana, na hakuna nyumba. Nilifika kwenye njia panda nikamkuta kigingi wangu, Bi Wairimu, mwanasheria wa Nairobi, amesimama wima na helmeti yake kichwani kama alivyoagizwa. Akaniuliza kama mimi ndiye wa mwisho. Nikamwambia ndiye. Hakuondoka.

"Mama, naweza kuuliza kitu?" akasema. "Hawa watu wamenipita mara mbili. Mara ya kwanza wakienda kule. Mara ya pili walitokea nyuma yangu, wakaenda kulekule. Wote wamenipungia mkono, na mimi nikawapungia. Ni kawaida?"

Nikamwambia ni kawaida.

Tuliwakuta mbele, wameegesha kivulini kwenye mtaro wa maji. Bwana Mwinyi alikuwa amesimama juu ya tuta akiwaeleza wageni habari za miwa, jinsi inavyokatwa, jinsi inavyobebwa, na kwa nini alitaka waizunguke waione pande zote. Walifurahi sana, mmoja alikuwa akiandika. Lakini macho yake yalikuwa yakitafuta kitu juu ya miwa. Nilipomkaribia aliinama kama anayekagua mnyororo wangu, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanasiti, ile nyumba ya bati jekundu wameivunja lini?"

Pale hapajawahi kuwa na nyumba ya bati jekundu. Nyumba ile naijua, iko Mwangulu, upande mwingine kabisa. Niliogopa kuliko siku zote nilizowahi kuona pikipiki ya mgeni imelala barabarani na mwenyewe simwoni.

"Sijui, kaka," nikasema. "Ila mwaka huu tumekuwa tukishika hii ya kushoto."

"Ndiyo," akasema. "Hii ya kushoto."

Tuliporudi Galu nilimwita Rama kando. Rama ni mwongozaji wetu anayekaa katikati ya msafara, mtu mzima mwenye watoto wawili, mpole. Nilimwambia wazi kwamba Bwana Mwinyi anasahau njia. Rama akasema naye alikuwa ameliona, ila alikuwa akingoja mimi niseme.

"Tumwambie?" akauliza.

Tungemwambia nini, na kwa mdomo gani? Kwetu mtu mzima haambiwi amepotea. Tukimpeleka kwa meneja wa wakati ule, kesho yake Bwana Mwinyi angekuwa kwenye kiti cha ofisini akijibu simu, na sote wawili tulijua angekikalia kiti kile muda gani. Tukinyamaza, siku moja angewapeleka wageni pasipo na maji wala mtandao. Mikono yake ilikuwa salama, breki alizijua, mashimo aliyaona kabla yangu. Nilimshawishi akapimwe, akarudi akasema daktari ameyasifu meno yake. Nikambana tena, akaleta dawa za presha na maneno kwamba umri ni umri. Kilichokuwa kikimtoka ni njia tu, moja baada ya nyingine, na njia ndizo alizokuwa nazo.

Basi Brian, hivyo ndivyo mimi, niliyeishi kwa kidole cha mtu na gurudumu la mbele, nilivyoanza kununua vifaa.

Tulianza na simu ya Rama kwenye usukani. Simu inajua njia mpya haraka, na kila mtu anajua kuitumia, hapo naisifu. Lakini adhuhuri ya Kwale huifanya iwe nyeusi, izimike ipumzike. Mtikisiko wa barabara mbovu huua kamera yake polepole, mpaka siku ya harusi ya shemeji unagundua picha zote zina ukungu. Na mvua! Matone yanaibonyeza. Siku moja kwenye mvua ya Shimba Hills tone kwenye simu yangu lilimpigia mkwe wangu, na yeye akasikiliza injini na salawati zangu mpaka Mkongani, akapiga simu nyumbani kuuliza kama bado niko hai. Mkitumia simu, wekeni kishikilio chenye mpira wa kuzuia mtikisiko, waya wa chaji utoke kwenye betri ya pikipiki na uwe wa kuvumilia maji, na ramani mzipakue kabla ya kuondoka, kwa sababu ukivuka Kikoneni mtandao hukaa kidogo na kuondoka.

Kisha tukapata GPS yenyewe, ya pikipiki. Inaonekana juani, haijali mvua, vitufe vyake vinabonyezeka ukiwa na glavu. Ubaya wake ni kwamba ina kiburi cha Mjerumani wetu. Ukiiambia "nipeleke Kwale" itakuchagulia njia, na haijui kuwa daraja lile limekwenda na mvua. Kwa hiyo msiiulize. Pitieni njia wenyewe kwanza, siku ya kawaida, irekodi mlikopita, halafu siku ya wageni fuateni mstari ule tu. Hivyo ndivyo tulivyofanya mimi na Rama, Ijumaa baada ya swala na siku ambazo hapakuwa na msafara. Na tulikwenda na Bwana Mwinyi. Tulimwambia kwamba Rama anataka kujifunza njia, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alitupeleka kila alikokuwa bado anakumbuka. Tulikunywa maji kwenye nyumba nyingi. Mahali pengine alisimama njia panda kwa muda mrefu akiutazama udongo, na sisi tukasimama pia, tukajifanya tunakaza nati.

Tulijaribu na redio za ndani ya helmeti. Wazo lilikuwa kwamba Rama amnong'oneze. Bwana Mwinyi alizipenda sana, kwa kuwa aliimba. Hakujua kuizima, na kutoka Tiwi mpaka Lunga Lunga msafara mzima ulisikia taarabu za ujana wake, pamoja na pale alipokuwa akipumzika kutafuta maneno. Wageni walidhani wamelipia. Lakini kumnong'oneza haikuwezekana, maana kila mtu angesikia.

Mpango tulioufikia ni huu, na ndio ninaoupendekeza. GPS isikae kwa kichwa. Ikae kwa wa pili. Rama akahama kutoka katikati, akawa nyuma tu ya Bwana Mwinyi, ati anajifunza, na aliyemfuata Rama ndiye akawa wa kuachwa kama kigingi. Kila tulipokaribia njia panda, Rama alitazama mstari wake, kisha akawasha indiketa mapema, mapema kuliko dereva yeyote timamu. Bwana Mwinyi alikuwa na mazoea ya lori, alitazama vioo kila mara. Aliona indiketa ya Rama ikipepesa kushoto, naye akapinda kushoto, akanyoosha kidole, akamwacha mgeni pale kama siku zote. Mimi nyuma nilibeba simu yenye mstari uleule, kama ya Rama itakufa, na ramani ya karatasi ndani ya koti, kama zote zitakufa. Hakuna mgeni aliyejua kwamba kichwa anaongozwa kwa kioo. Yeye mwenyewe, nilivyodhani, hakujua.

Tulikwenda hivyo misimu. Nikiwa mkia, nilisoma hali yake kwa vigingi. Vikiwa vimesimama vizuri, kila mmoja upande wake, nilijua leo yuko sawa. Nikikuta kigingi amewekwa mahali pasipo na kona yoyote, analinda barabara iliyonyooka, nilimjibu kama kawaida, nikamwambia amefanya kazi nzuri, nikasonga. Moyo uliniuma kila mara. Sikuwa na mtu wa kumwambia zaidi ya Rama, na Rama alikuwa mbele.

Msafara wangu wa mwisho ulikuwa mzunguko wa kawaida, Ramisi, Kikoneni, Lukore, kisha Kwale na kuteremka Tiwi mpaka nyumbani. Wageni waliambiwa ninastaafu, wakanipa shada la maua ambalo lilikuwa limekwisha kabla ya Msambweni. Vigingi vyote asubuhi vilikuwa sawa. Baada ya adhuhuri, tukitoka Lukore, nilikuwa peke yangu kama kawaida, nikaona njia panda kwa mbali, na kwenye njia panda nikaona meza.

Nilipofika karibu niliona na viti. Kulikuwa na birika, sahani ya mahamri, na familia nzima imesimama. Katikati ameketi Bwana Mwinyi, na helmeti yake iko juu ya tangi la pikipiki.

"Karibu mama," akasema mwenye nyumba, mama mmoja aliyejifunga leso. "Huyu mzee amekataa katakata kuingia ndani. Asema yuko kazini. Ikabidi tutoke sisi."

Nilizima injini. Gurudumu lake la mbele lilikuwa limeelekea Kwale, barabara sahihi.

"Rama yuko wapi?" nikauliza.

"Mbele na wageni. Nimemwachia kichwa."

"Umemwachia kwa leo?"

"Kwa leo, na kesho, na kuendelea, inshallah. Si anayo ile televisheni yake?" Akanywa chai. "Lakini mwambieni apunguze indiketa. Aiwasha mapema mno. Atasababisha ajali."

Akanitazama, akacheka kidogo.

"Mlidhani mimi sina kioo?"

"Umejua tangu lini, kaka?"

"Tangu siku ya kwanza. Mtu ajifunza njia huku akinionyesha njia?" Aliweka kikombe mezani taratibu. "Nikasema, hawa hawajaniaibisha. Wacha nifuate."

Mwenye nyumba alinisogezea kiti. Nilikuwa bado na helmeti kichwani, na sikuivua, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kunifanyia vituko.

"Sasa mbona umekaa wewe hapa?" nikamuuliza. "Si ungemweka mgeni?"

Alitazama barabara niliyotokea, ambako vumbi langu lilikuwa bado halijatua.

"Mwanasiti, miaka yote hii nimewaacha watu kwenye kona nikaenda zangu bila kugeuka. Sikugeuka kwa kuwa nilijua wewe waja nyuma. Lakini sijawahi kukuona ukifika. Hata mara moja. Nikasema, kabla sijasahau na hilo, leo nikae nione."

Nililia. Helmeti ina faida zake, na nawashauri mnunue zenye kioo cheusi. Mama wa watu alinitilia chai nikashindwa kuinywa, akasema si neno, akaimimina kwenye chupa nikaondoka nayo.

Bwana Mwinyi aliishukuru ile nyumba kwa jina la kila mtu aliyekuwepo, akavaa helmeti, akapanda pikipiki yake, akasimama sawasawa kama kigingi aliyefundishwa.

"Wewe ndiye wa mwisho?" akauliza, sauti ya kazini.

"Mimi ndiye wa mwisho."

Kwa kanuni ilikuwa zamu yake kuondoka nami nimfuate. Hakuondoka. Alinyoosha kidole upande wa Kwale.

"Tangulia."

"Kaka, kanuni..."

"Kanuni ni zangu. Tangulia, Mwanasiti. Leo wa mwisho ni mimi."

Nikatangulia. Barabara ile ni ya udongo mwekundu mpaka karibu na Kwale, na mbele yangu hapakuwa na vumbi la mtu, niliona mpaka migomba ya mbali. Sikujua hata niendeshe mwendo gani. Nilipokaribia njia panda niliwasha indiketa mapema, mapema kuliko dereva yeyote timamu, kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kuwa na sababu ya kulifanya kazini. Nikatazama kioo.

Alikuwepo. Indiketa yake nayo ikawaka.